Usafi uliotaka kuvunja ndoa

Msimu uliopita, mpunga ukiwa umeanza kuinamisha vichwa mashambani, alitujia kijana mmoja mkulima wa hapa Kakese baada ya Swala ya Alasiri, akaomba kuonana na kamati ya msikiti faragha. Aliketi juu ya jamvi, akanyamaza kitambo, kisha akasema amekuja kutushuhudisha kwamba anamwacha mkewe. Mke huyo, alieleza, alikuwa akitokwa na uchafu wenye harufu kwa miezi kadhaa, na muuzaji wa duka la dawa alikuwa amewaambia kuwa hayo ni maradhi ya zinaa. Yeye kijana hakuwa na dalili yoyote, wala hakuwa ametoka nje ya ndoa yake. Hesabu yake ilikuwa fupi: aliyetoka ni mke.

Tunakiandika kisa hiki kwa idhini ya wote wawili, na tumeondoa humo kila kinachoweza kuwatambulisha. Hatukiandiki kwa kuwa ni cha ajabu. Tunakiandika kwa kuwa si cha ajabu hata kidogo, na kwa kuwa kamati yetu ina fungu lake katika makosa yaliyofuata.

Jambo la kwanza tulilolifanya lilikuwa sawa: tulimzuia asitamke talaka siku ile, tukamsihi arejee nyumbani kwa subira. La pili halikuwa sawa. Tulimtuma mama mmoja mwenye heshima yake amfikishie binti yule nasaha ya kuzidisha usafi, na amkumbushe nafasi ya tohara katika dini yetu. Hatukuuliza anajisafishaje. Naye, kwa utiifu, akazidisha. Alikuwa akijiosha ndani kwa kidole na sabuni ya mche mara moja kwa siku. Sasa akawa anafanya hivyo kabla ya kila swala. Jirani akamshauri atumie maji ya ndimu, akayatumia. Mwingine akamletea shabu. Baada ya wiki tatu harufu ilikuwa imezidi, muwasho na maumivu vimeongezeka juu yake, na binti yule akaacha kuswali kwa kuamini kwamba yumo katika najisi isiyoondoka. Karibu miezi miwili hakusimama katika swala, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua.

Aliyemwokoa ni wifi yake, ambaye hakusoma sana lakini alikuwa na busara ya kumpandisha bodaboda na kumpeleka mjini Mpanda kwa tabibu. Huko alipimwa, akaambiwa hana kaswende, hana kisonono, hana virusi vya Ukimwi. Alichokuwa nacho ni hali iitwayo vajinosisi ya bakteria, ambayo, kwa maneno ya tabibu, ni kuvurugika kwa mizani ya vijidudu vinavyoishi ukeni. Tena tabibu alimwuliza swali ambalo sisi hatukumwuliza: mama, unajioshaje?

Wapo watakaosema kwamba ukurasa wa familia si mahali pa kuandika neno uke. Tunawaheshimu, lakini tunawakumbusha kwamba Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuifahamu dini yao, na sifa hiyo ilihusu swali la mwanamke aliyemwuliza Mtume (s.a.w.) namna ya kujitoharisha baada ya hedhi. Swali hilo liliulizwa Madina, likajibiwa, na likapokewa na wapokezi wa Hadithi mpaka likatufikia. Haya ya kwetu haiwezi kuwa kubwa kuliko haya ya nyumba ile.

Walinzi waliowekwa ndani

Tumezoea kudhani kwamba bakteria ni adui popote alipo. Sivyo. Utumboni, kinywani na juu ya ngozi ya kila mmoja wetu wanaishi bakteria wasiohesabika, na wengi wao wana kazi. Ukeni nako wapo, na jamii yao yote kwa pamoja wataalamu huiita mikrobiomu. Mwaka 1892 tabibu wa Kijerumani, Albert Döderlein, alieleza habari za bakteria wenye umbo la vijiti aliowaona katika ute wa wanawake wenye afya, akatambua kwamba bakteria hao hutengeneza asidi inayowazuia wadudu wabaya kustawi. Leo tunawajua kwa jina la laktobasili.

Kazi yao ni ya kustaajabisha. Mwanamke anapobaleghe, homoni ya estrojeni huzifanya kuta za uke zinenepe na kuhifadhi aina ya wanga iitwayo glaikojeni. Seli za kuta hizo zinapobanduka, kama ngozi ya mwili inavyobanduka kila siku, wanga huo huwa chakula cha laktobasili, nao huugeuza kuwa asidi ya laktiki. Ni asidi ileile inayoyafanya maziwa kuwa mgando, na wafugaji wetu wanajua kwamba maziwa yaliyochachuka vizuri hukaa siku kadhaa bila kuoza, hali maziwa mabichi yaliyoachwa juani huharibika. Uchachu ndio unaoyalinda maziwa, na uchachu ndio unaoulinda uke.

Wataalamu wanapima uchachu kwa kipimo cha pH kinachoanzia 0 hadi 14. Katikati, kwenye 7, ndipo yalipo maji safi; chini ya hapo ni uchachu, juu yake ni hali kama ya magadi. Uke wenye afya, kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, huwa kati ya 3.8 na 4.5. Sabuni ya mche huwa kwenye 9 au 10. Maji ya ndimu yako karibu na 2, na msomaji asidanganyike kwamba kwa kuwa ndimu ni kali basi itasaidia: ukali wake huunguza utando laini wa ndani, na haumrudishi hata laktobasili mmoja aliyeondoka. Hali kadhalika mtindi. Tumewasikia wanaoupaka ndani kwa hoja kwamba una bakteria wa kuchachusha. Bakteria wa mtindi ni jamaa za wale wa ukeni, lakini si wao, na hawakai.

Walinzi hawa hupungua kwa sababu zisizo na lawama kwa mtu yeyote. Damu ya hedhi hupunguza uchachu, na manii hali kadhalika, lakini kwa wanawake wengi mizani hurejea yenyewe. Dawa za kuua bakteria zilizomezwa kwa ajili ya kikohozi au kidonda zinaweza kuwaua na hawa. Mwanamke anapokoma hedhi, estrojeni hupungua, chakula chao hupungua, nao hupungua. Kisha kuna jambo ambalo tunaliona la kutuliza nyoyo. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Jacques Ravel walichapisha uchunguzi wao juu ya wanawake 396 wasiokuwa na malalamiko yoyote, wakakuta jamii za bakteria hao ziko za aina tano. Nne zilitawaliwa na laktobasili wa namna mbalimbali. Ya tano ilikuwa mchanganyiko wa bakteria wengi, na ilionekana zaidi kwa wanawake wenye asili ya Kiafrika na ya Amerika ya Kusini kuliko kwa wazungu. Kwa hiyo si kila mwanamke ambaye laktobasili wake ni wachache ni mgonjwa, wala Mola hakuwaumba wanawake wote kwa mizani moja.

Ugonjwa huja pale walinzi wanapoondoka na bakteria wengine, akiwamo yule aitwaye gadinerela, wanapojaa na kujenga utando juu ya kuta. Ute huwa mwepesi, wa rangi ya kijivu au nyeupe, wenye harufu kama ya samaki. Harufu hiyo husababishwa na kemikali ziitwazo amini, na amini huruka hewani zaidi zinapokutana na kitu chenye hali ya magadi. Maabara hutumia siri hii: huudondoshea ute kemikali ya namna hiyo ili harufu ijitokeze. Hapo ndipo tulipoelewa kilichompata binti yetu. Kila alipojiosha kwa sabuni kuikimbia harufu, sabuni iliitoa harufu, na ilipotoka aliosha tena.

Kitabu nacho kinasema nini

Tulipotoka kwa tabibu tulirudi kwenye vitabu tulivyosoma chuoni, tukiwa na aibu kidogo, kwa kuwa jawabu lilikuwamo humo siku zote na tulikuwa tumelifundisha bila kulifikiria.

Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu wa Afrika Mashariki tunayafuata, mwanamke anapostanji au anapooga janaba na hedhi anawajibika kuosha kile kinachodhihiri anapochuchumaa kukidhi haja. Hapo ndipo mpaka ulipo. Ndani ya mpaka huo hakuamrishwa kupeleka maji, sembuse sabuni. Hatujui ni lini hasa wajibu wa nje uligeuzwa kuwa desturi ya ndani, lakini tunajua jinsi inavyorithiwa: kungwi humfunza mwari, mama humfunza bintiye, na kila kizazi huongeza kitu chake, huyu ndimu, yule shabu ya kubana, yule kujifukiza, na siku hizi chupa za dukani zenye picha ya waridi.

Ama ute wenyewe, Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomwa katika madrasa nyingi za pwani na bara, ameusahihisha usemi kwamba unyevu wa uke si najisi. Mwanamke mwenye ute wake wa kawaida, mweupe au usio na rangi, usio na harufu mbaya, hana uchafu wa kuuondoa. Ukimtoka kutoka ndani, udhu wake hutenguka, naye atatawadha tena. Hilo ni suala la udhu, na halimfanyi yeye kuwa mchafu.

Na anayetokwa na majimaji ya ugonjwa yasiyokatika? Huyu hukumu yake inafanana na ya mwenye damu ya istihadha. Atajiosha nje, ataweka kitambaa au pedi, atasubiri wakati wa swala uingie, atatawadha, ataswali faradhi yake na sunna azitakazo, na wakati wa faradhi nyingine utakapoingia atafanya vivyo hivyo. Hana ruhusa ya kuiacha swala, kwa kuwa hayumo katika hedhi wala nifasi. Tunaliandika hili kwa mkazo kwa sababu binti yule aliacha swala za karibu siku 60, na alipolijua alilia mbele ya wifi yake. Sasa anazilipa, faradhi moja ya kadha pamoja na kila faradhi ya wakati.

Msomaji mwenye elimu atatukabili na Hadithi ileile tuliyoitaja: je, Mtume (s.a.w.) hakumwelekeza mwanamke achukue kipande cha pamba au kitambaa chenye miski na kufuatilia nacho athari ya damu? Naam, na ni Hadithi sahihi. Ulamaa wameieleza kwa namna mbili: wapo waliosema miski hiyo hupitishwa ndani ya tupu, na wapo waliosema ni kila mahali pa mwili palipoguswa na damu. Kwa kauli zote mbili ni jambo la sunna, si la wajibu, linahusu mwisho wa hedhi na nifasi, na ni kiasi kidogo cha manukato kwa ajili ya kuondoa athari ya damu. Mwenye kuchagua kauli ya pili, hasa aliyekwisha kuugua, hajakosea sunna. Lakini kuitumia Hadithi hii kuhalalisha sabuni mara tano kwa siku ni kuibebesha kisichokuwamo.

Habari kutoka Mombasa, Mwanza na Rakai

Pengine mtu atadhani kwamba haya ni mambo ya maabara za Ulaya. Kwa kweli sehemu kubwa ya elimu hii imetoka kwa wanawake wa kwetu.

Mombasa, watafiti waliwafuatilia kwa miaka 10 wanawake waliokuwa wakifanya biashara ya ngono, na mwaka 2006 wakachapisha walichokiona kuhusu kujiosha ndani. Wakilinganishwa na wale wasiojiosha ndani kabisa, waliotumia maji matupu walikuwa na uwezekano wa kuambukizwa virusi vya Ukimwi mara mbili na nusu zaidi, na waliotumia sabuni walikaribia mara nne. Tunajua baadhi ya wasomaji watasema hao si sisi. Ni kweli maisha yao si ya mfano. Lakini utando wa ndani ya mwili haujui mwenye nao ni nani, na mke mcha Mungu ambaye mumewe ana maambukizi asiyoyajua yuko katika hatari ileile. Uchambuzi mwingine uliokusanya tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2008, ulionesha kwamba mwenye vajinosisi ya bakteria ana uwezekano wa kuambukizwa virusi hivyo uliozidi kwa takriban asilimia 60.

Mwanza, walikotoka wazazi wa majirani zetu wengi waliohamia Katavi kufuata mashamba na malisho, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta zaidi ya nusu ya wanawake waliokuwa wakifanya kazi katika migahawa, baa na nyumba za wageni wana hali hii. Zaidi ya nusu! Na kwa kawaida wengi wenye nayo hawaoni dalili yoyote. Hatuwezi kuichukua hesabu ya kule tukaiweka juu ya Kakese, ila inatosha kutuambia kwamba binti tuliyemwona kama kioja hakuwa peke yake, hata pengine katika safu zetu za wanawake siku ya Ijumaa.

Rakai, nchini Uganda, ndiko kulikotoka habari iliyotufurahisha kuliko zote. Katika jaribio la tohara ya wanaume lililowahusu karibu wanaume 5,000, watafiti waliwachunguza pia wake zao, na mwaka 2009 wakaeleza kwamba wake za waliotahiriwa walikuwa na vajinosisi ya bakteria pungufu kwa asilimia 40 hivi, pamoja na upungufu wa vidonda na wa ugonjwa wa trikomona. Tunasema tohara ya wanaume tu; ukeketaji wa wanawake hauna faida hiyo na una madhara yake mengi. Khitani tumeifuata kwa kuwa ni mila ya Nabii Ibrahim (a.s.), na tungeifuata hata kama hakuna daktari aliyeipima. Ila si vibaya mume akajua kwamba mwili wake una athari katika afya ya ndani ya mkewe, kwa sababu hapo ndipo tunapofika kwenye lile neno lililosemwa dukani.

Neno zinaa

Vajinosisi ya bakteria si ushahidi wa zinaa. Wataalamu wanaeleza kwamba tendo la ndoa linaweza kuichochea, na kwamba bakteria wake hupatikana hata kwa wanaume. Lakini mizani ya ndani huvurugika pia kwa sabuni, kwa dawa, na wakati mwingine bila sababu inayojulikana. Mke ambaye hakumjua mwanamume mwingine zaidi ya mumewe anaweza kuipata, na mume wake akawa naye hakumjua mwingine.

Fangasi, ambayo aghalabu huleta muwasho na ute mzito kama mabonge ya maziwa mgando, nayo si zinaa. Trikomona ndiyo inayoambukizwa kwa kujamiiana. Hali hizi tatu zinafanana machoni pa asiyepima, na dawa zake hazifanani. Muuzaji aliyesimama nyuma ya kaunta hana darubini wala kikaratasi cha kupimia uchachu. Alichokuwa nacho ni neno moja, akalitoa bure, na neno hilo lilifika msikitini kabla ya mgonjwa kufika hospitali.

Sheria yetu si nyepesi katika jambo hili. Katika Suratun Nur, aya ya 4, mwenye kumsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi kisha asilete mashahidi wanne ameandikiwa viboko 80 na kukataliwa ushahidi wake. Mume asiye na mashahidi amewekewa njia ya li'ani katika aya zinazofuata, nayo ni viapo vizito vinavyoishia kwa kujiombea laana mwenyewe ikiwa ni mwongo. Hakuna mahali ambapo harufu imewekwa katika daraja ya shahidi. Tulimsomea kijana wetu aya hizo, na tukazisoma sisi pia kwa ajili ya nafsi zetu, kwani tulimsikiliza akisema, na nyoyoni mwetu tulikuwa tumeanza kumsadiki.

Kwenda kutibiwa

Hali hii inatibika. Dawa inayotumika sana ni metronidazoli, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Flagyl na wanaimeza kwa tumbo la kuhara. Hapo ndipo pana mtego: kwa kuwa inajulikana, watu huinunua vidonge vinne au sita, wakameza mpaka harufu ipungue, wakabakiza. Kozi ya kawaida ni ya siku 7, na inakamilishwa kwa maelekezo ya aliyepima. Aliyechanganyikiwa na fangasi akameza dawa hii hatapona, na pengine fangasi wake watazidi.

Mama mjamzito asingoje. Hali hii imehusishwa na uchungu wa kabla ya wakati na watoto kuzaliwa njiti, na mkoa wetu una sababu ya kulijali hilo zaidi ya mikoa mingi: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta kwamba katika Katavi asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au ni wajawazito, kiwango cha juu kuliko mikoa yote nchini. Hao ndio wanaoona aibu zaidi kumweleza mhudumu wa kliniki kwamba wanatokwa na uchafu, na ndio ambao hawajui kama ni jambo la kuelezwa. Mama mkwe anayemsindikiza mkamwana kliniki anaweza kulisema kwa niaba yake. Anayetokwa na uchafu huku ana homa au maumivu makali ya chini ya kitovu, au anayetokwa na damu isiyo ya hedhi, aende siku hiyohiyo, kwa kuwa hiyo inaweza kuwa habari nyingine kabisa.

Ugonjwa huu pia una tabia ya kurudi. Karibu nusu ya wanaotibiwa huupata tena ndani ya mwaka mmoja, na wengi hukata tamaa, wakarejea kwenye ndimu. Kwa miaka mingi madaktari walimtibu mke peke yake. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa Australia uliowahusu wanandoa 164: katika kundi moja alitibiwa mke tu, katika jingine mume naye alipewa vidonge na dawa ya kupaka kwa siku 7. Baada ya wiki 12 ugonjwa ulikuwa umewarudia asilimia 63 ya wanawake wa kundi la kwanza, na asilimia 35 ya wa kundi la pili, na jaribio likasimamishwa mapema kwa jinsi tofauti ilivyokuwa wazi. Matibabu ya mume bado si desturi katika kila kituo, na mtu asiende kujinunulia. Lakini mume ambaye ugonjwa wa mkewe unarudi kila mara na aende pamoja naye, akaulize.

Kuhusu kujisafisha, aliyoambiwa binti yetu yalikuwa machache mno hata hakuyaamini mwanzoni. Nje, maji safi yanatosha, ukianzia mbele kwenda nyuma. Ndani, usiingize chochote: si kidole, si sabuni, si majani, si moshi. Chupi ya pamba. Kitambaa cha hedhi kifuliwe na kuanikwa juani pasipo kufichwa chini ya godoro. Aliuliza mara tatu kama kweli ni hayo tu.

Kijana naye tulimshauri aende na mkewe alipotakiwa kurudi kwa tabibu, akaenda, ingawa alisubiri nje chini ya mwembe mpaka alipoitwa kwa jina. Huko alielezwa yote haya mbele ya mkewe, akauliza maswali ambayo hakuweza kutuuliza sisi.

Wiki moja baadaye alirudi msikitini, safari hii kabla ya Magharibi, akatuuliza kama lile alilolisema mbele yetu lina kafara. Tulimjibu kwamba toba kwa Allah ni yake na Mola wake, lakini haki ya mkewe iko kwa mkewe, na kwamba aliyesema mbele ya mashahidi anapaswa kuyafuta mbele ya mashahidi walewale. Aliinamisha kichwa, akaomba siku mbili. Siku ya tatu, baada ya Isha, tulikwenda nyumbani kwake wazee watatu wa kamati pamoja na yule mama tuliyemtuma mara ya kwanza. Aliketi mbele ya mkewe na wifi mtu, akayasema yote aliyoyasema siku ile neno kwa neno, kisha akasema alisema uongo asioujua na anaomba radhi. Baada yake sisi nasi tukaomba yetu, kwa ile nasaha ya sabuni. Binti alikaa kimya kitambo, ushungi umemfunika hadi puani, akasema amemsamehe mumewe. Sisi akatuambia atatujibu akimaliza kulipa swala zake.